Mkorea Aliyesema Siri ya Darmi

Sehemu ya Kumi na Moja

"Mimi si tasa. Mwenye kasoro alikuwa mume wangu. Nami nikamstiri."

Maneno hayo ndiyo yaliyomgandisha Darmi mlangoni wiki iliyopita, tukamwacha pale na ndoo tupu mkononi. Bado yuko palepale. Hajui aingie au akimbie, maana anayeyasema ni mwanamke wa Kikorea ndani ya televisheni, amevaa suti nyeupe, analia mbele ya kijana wake wa ofisini.

Mkorea ameyajulia wapi mambo ya Garsen?

Siri hiyo ni ya Darmi mwenyewe. Alipoachwa na mumewe, Dadacha, alishika msahafu akaapa kwamba hatasema. Dunia nzima itamwita yeye tasa, na yeye atanyamaza. Na kweli amenyamaza miaka yote hii. Mjini hapa wanawake wa rika lake wanaitwa kwa majina ya watoto wao, Mama huyu na Mama yule. Yeye anaitwa Meneja, kwa sababu anaendesha kituo cha maziwa na hana mtoto wa kuitiwa.

Mtu mmoja tu ndiye aliyewahi kuambiwa. Naye ni Abdinur, fundi wa mitambo wa hicho kituo, kijana anayepokea amri kutoka kwa Darmi na ambaye Darmi amemzidi miaka kumi na kitu. Jumapili hii Abdinur anatuma wazee kwa Galma, kaka yake Darmi, kumposa. Darmi alikuwa ameshachagua hata nguo.

Sasa sikiliza jinsi siri ilivyofika Korea.

Unajua vizuri kwamba kwetu sinema ya kigeni haitazamwi hivihivi. Lazima awepo mtafsiri, anayezungumza Kiswahili juu ya sauti za wenyewe, anawapa Wakorea majina ya kwetu na kutia chumvi pale anapotaka. Huyu wa Garsen hujiita Sauti ya Mto. Ana sauti nzito ya kukwaruza, na hakuna aliyewahi kumwona uso. Kazi zake hupita kwenye flashi na simu, mkono kwa mkono.

Leo mchana wauza maziwa walikuwa wakingoja gari la kupeleka maziwa Malindi. Josephine, msichana anayepokea maziwa pale kituoni, akachomeka flashi. Tamthilia mpya, sehemu ya kwanza.

Mwanzoni ilikuwa raha tupu.

"Huyu mama nasema ana miaka arobaini na tatu?" Nimo alishangaa. Nimo ni muuza maziwa wa siku nyingi, na hakuna jambo la mji huu linalompita. "Mbona uso kama yai?"

"Hawa hapana pigwa na jua ya Garsen," mwingine akajibu.

"Angalia, wanavua viatu mlangoni kama sisi!"

"Na huyu kijana anainama mpaka chini. Bosi ni mwanamke na bado anainama! Wallahi, nipeni mimi wa hivyo."

Wakacheka. Kijana wa Kikorea alikuwa ameajiriwa juzi tu. Anamletea bosi wake kahawa, anamshikia mwavuli, anabaki ofisini wengine wakienda nyumbani. Ni Josephine tu aliyekunja uso.

"Huyu chali hakuja kazi," alisema. "Kuna kitu anatafuta hapo. Mtaniambia."

"Mwacheni," Darmi akamjibu haraka. "Anampenda tu."

Kisha akaona haya kwa kujibu haraka hivyo, akachukua ndoo akatoka kwenda kuisuuza. Ndipo aliporudi akakuta Mkorea anasema siri yake.

Na Sauti ya Mto hakuishia hapo. Akaongeza, kwa kunong'ona, kana kwamba anamsogelea mtazamaji sikioni: "Basi bwana yule akaoa mke mwingine. Na mke mwingine akazaa. Kazaa na nani? Fikirini wenyewe."

Wanawake wakaangua kicheko. "Wanaume!" Nimo akapiga kofi. "Wanatubebesha mizigo yao!"

Halafu kicheko chake kikakatika. Akageuka kumtazama Darmi mlangoni. Akageuka tena, taratibu, kumtazama mwanamke aliyekaa kwenye mkeka na mtoto mapajani. Mwanamke huyo ni Sabdio, mke wa sasa wa Dadacha. Mtoto ni Kadra, binti wa miaka mitatu, ndiye mboni ya jicho la Dadacha.

"Hii sinema," Nimo alisema polepole, "nafanana na mtu."

Darmi aliishika ndoo kwa mikono yote miwili. Kama Nimo atamaliza kufikiri anachokifikiri, mji mzima utamaliza pamoja naye kabla ya swala ya alasiri. Kiapo chake kitakuwa kimevunjika. Na yule mtoto ataitwa jina ambalo hatalivua maisha yake yote.

Kisha akasikia kitu kingine.

Nyuma ya sauti ya mtafsiri, mbali kidogo, mtambo ulikohoa. Ukakohoa tena. Ndipo ukakamata na kunguruma.

Huo ni mtambo wake! Mtambo wa kupozea maziwa wa kituo hiki hauwaki bila kukohoa namna hiyo. Darmi ameusikia kila asubuhi mpaka anaota nao. Sauti ya Mto alirekodi maneno yale hapahapa, ndani ya chumba cha baridi, penye kuta nene zisizopitisha kelele za barabarani. Funguo za chumba hicho anazo yeye, na anazo Abdinur.

"Meneja, uko sawa?" Josephine aliuliza.

"Niko sawa. Zima hiyo, gari linakuja."

Hakungoja izimwe. Aliweka ndoo chini akaenda moja kwa moja chumba cha mtambo.

Abdinur alikuwa amepiga goti anakaza boliti. Alipomwona akatabasamu tabasamu lile lililomlegeza Darmi mwaka mzima.

"Bosi wangu."

"Sema hivyo tena, lakini kwa sauti nzito."

Tabasamu likaondoka.

"Sikuelewi."

"Sauti ya Mto ni wewe, Abdinur. Mtambo wangu umekuchoma. Unakohoa kwenye sinema yako."

Aliinuka. Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayetafuta la kusema.

"Ni mimi," alikubali mwishowe.

"Nilikwambia wewe peke yako! Gari limekwama kwenye matope ya Wenje, mvua inanyesha, nikakufungulia moyo wangu. Nililia mbele yako! Wewe ukaenda kunitia kinywani mwa Mkorea?"

"Sikutaja jina lako."

"Nimo hahitaji jina!"

"Darmi, nisikilize." Alisogea. Sauti yake ikawa ileile laini. "Mama yangu amekataa. Anasema siwezi kuoa mwanamke mkubwa kwangu, tena tasa. Wazee wanasita. Nikasema, watu wakijua ukweli, nani atakuzuia kuwa mke wangu? Wewe umefungwa na kiapo. Mimi sikuapa. Nilitaka kukusafisha."

Naomba usimcheke Darmi. Mwanamke aliyeitwa tasa miaka yote hiyo, anaambiwa na anayempenda kwamba alitaka kumsafisha jina. Hasira yake ikalegea kidogo. Akajikuta anamtazama mikono, anafikiri labda ni ujinga tu wa kijana, labda hakuna ubaya wa makusudi.

"Ungeniuliza," alisema.

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo! Kuna watu wengine ndani ya maneno yale. Sabdio yuko pale kwenye mkeka sasa hivi, Nimo anamkodolea macho."

Abdinur alishtuka. "Sabdio yuko hapa? Na Kadra amekuja naye?"

Darmi alimkazia macho. Katika mazungumzo yao yote hajawahi kumtaja yule mtoto kwa jina. Huyo ni mtoto wa mke aliyechukua nafasi yake, jina lake linamkwama kooni.

"Jina la mtoto umelijulia wapi?"

"Garsen ni ndogo," Abdinur alisema, na akarudia boliti yake.

Honi ya gari la Malindi ikapigwa nje. Darmi alitoka bila kuongeza neno, lakini lile jina lilikuwa limeshamchoma.

Uani wanawake walikuwa wanakimbizana na mitungi, Josephine anapiga kelele, Nimo anataka wake upande kwanza. Ndani ya chumba cha televisheni walibaki wawili, Sabdio na mwanawe. Katika harakaharaka hiyo hakuna aliyekumbuka kuzima televisheni. Sauti ya Mto alikuwa bado anaongea.

Na Kadra alikuwa ametoka mapajani mwa mama yake. Alisimama mbele ya televisheni, ameweka sikio kwenye spika, anacheka peke yake.

"Mjomba Biskuti!" alisema. Akazunguka nyuma ya televisheni kuchungulia. "Mama, Mjomba Biskuti yuko ndani!"

"Kadra, njoo hapa," Sabdio alisema.

"Mjomba, toka!"

"Kadra!"

Sabdio akainua macho akamwona Darmi. Uso wake ulikuwa umepauka. Wanawake hawa wawili hawajawahi kuzungumza zaidi ya salamu, na hapo hapakuwa na nafasi hata ya salamu.

"Mjomba Biskuti ni nani?" Darmi aliuliza.

"Mtoto tu huyu, dada. Anaropoka."

"Nimeuliza ni nani."

Sabdio alishika ncha ya mtandio wake akaikunja, akaikunja tena. Machozi yakamtoka bila sauti.

"Alikuja Chewele kutengeneza pampu ya maji," alisema. "Tulikuwa tukikaa kule wakati huo. Dadacha yuko na ng'ombe, haji. Sina la kujitetea, dada. Ilikuwa makosa na niliyakata. Lakini mtoto alipozaliwa, akaanza kuja. Analeta biskuti, anamtazama, anaondoka."

"Dadacha anajua?"

"Dadacha hajawahi kuniuliza. Nilipomwambia nina mimba alinitazama siku nzima. Halafu akachinja mbuzi akasema alhamdulillahi. Anampenda huyu mtoto kuliko ng'ombe wake wote. Mimi sikujua kama ana kasoro. Wallahi nimejua leo, hapa, kwenye sinema."

"Na Abdinur? Amejua lini?"

"Mwaka jana aliniuliza kama ni wake. Nikamwambia sijui, inaweza kuwa wa Dadacha. Akasema..." Sabdio alitazama mlango.

"Sema."

"Akasema kuna mwanamke mmoja anayeweza kujua. Atamtafuta."

Msomaji wangu, hapo Darmi alitafuta ukuta akaegemea.

Mwaka jana ndipo Abdinur alipokuja kuomba kazi kituoni. Aliacha kazi yenye mshahara mzuri kule kwenye pampu, akaja kulipwa kidogo hapa, na kila mtu akashangaa. Darmi alipomuuliza kwa nini, alimjibu kwamba amesikia sifa za meneja. Akawa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Akambebea mitungi. Akamshikia mwavuli, yeye ambaye hakuna aliyewahi kumshikia kitu. Na siku ile ya matope ya Wenje alimuuliza swali moja mara mbili: "Una uhakika ni Dadacha mwenye kasoro? Daktari alisema hivyo?" Darmi alidhani ni wivu. Alifurahi, jamani. Alifurahi kwamba kuna mwanamume anayemwonea wivu.

Josephine alikuwa amesema kweli bila kujua. Huyu chali hakuja kazi.

"Wewe na yeye mmepanga?" Darmi aliuliza.

"La! Hata sauti yake sikuijua, ameinenepesha. Mtoto ndiye amemjua."

Mlango wa chumba cha mtambo ukafunguliwa. Abdinur akaingia, labda kuzima televisheni, labda kuona mambo yamefika wapi. Hakupata nafasi ya kufanya lolote. Kadra alipiga ukelele wa furaha, akampita Darmi mbio, akajirusha. Abdinur akamdaka juujuu, akamweka begani. Mikono yake ilikuwa imezoea.

Darmi alimtazama na yule mtoto, pua ileile, kipaji kilekile cha uso, akaona mambo ambayo mji mzima ungeyaona ukiambiwa utazame.

"Wazee wa Jumapili," alimuuliza kwa sauti ndogo. "Wanakwenda kwa nani?"

Abdinur alimwekea mtoto mkono mgongoni.

"Ulikuwa unangoja Dadacha asikie, amwache huyu, umchukue yeye na mtoto. Mimi nilikuwa ufunguo tu. Ulishafungua, sasa unanitupa."

"Si hivyo tu, Darmi. Nilianza hivyo. Baadaye nilikuwa nakupenda kweli."

"Baadaye lini? Kabla ya kurekodi au baada ya kurekodi?"

Huyo anayewapa Wakorea maneno kutwa nzima hakuwa hata na neno moja la kwake.

Nje pikipiki ikazima injini. Kelele za kupakia maziwa zikapungua, kisha zikaisha kabisa. Sauti ya Nimo ikasikika, tamu kupita kiasi: "Karibu, Dadacha! Umetoka kwa ng'ombe saa hizi?"

Sabdio alimnyakua mtoto begani mwa Abdinur. Abdinur akarudi chumba cha mtambo na kufunga mlango nyuma yake. Shujaa wetu huyo! Aliwaacha wanawake wawili na mtoto mmoja wakabiliane na moto alioukoka yeye.

Dadacha aliingia na vumbi la delta mpaka kwenye kope. Ni mtu mrefu, mpole, asiyepandisha sauti, na ndiyo maana watu humwogopa. Nyuma yake mlango ulijaa vichwa vya wanawake. Gari la Malindi halikuwa na haraka tena.

"Darmi," alisema.

"Dadacha."

"Nimepigiwa simu. Naambiwa kuna sinema inasema habari zangu." Akashusha sauti isifike mlangoni. "Uliapa. Umemwambia nani?"

Hapo ndipo Darmi angeweza kulipiza kila kitu. Jina moja tu, na mlango wa chumba cha mtambo ungevunjwa. Angesafishwa. Wanawake wale wote wangejua kwamba hakuwahi kuwa tasa, na Nimo angekuwa wa kwanza kumwomba msamaha.

Kadra alimtazama, kidole kinywani.

"Sijamwambia mtu," Darmi alisema, kwa sauti ya kufika mlangoni na uani. "Sina la kumwambia mtu. Mimi ni tasa, Dadacha. Uliniacha kwa sababu hiyo na kila aliyesimama hapo anajua. Ya Wakorea ni ya Wakorea."

Sabdio aliinamisha kichwa. Dadacha alimsogelea Darmi hatua moja. Katika wote waliokuwa pale, yeye ndiye aliyejua zaidi uongo ule umemgharimu nini Darmi, na kwa mara ya kwanza tangu waachane alimtazama machoni.

"Ahsante," alisema, kwa kunong'ona.

Wanawake wakaanza kuguna, wengine kwa huruma, wengine kwa kukosa walichokitaka. Josephine alijifuta macho. Nimo alikunja midomo. Mambo yalikuwa yanaelekea kwisha, na Darmi alishaanza kupumua.

Ila Dadacha alikuwa mtu mwenye heshima yake, na mwenye heshima yake hawezi kutoka mbele ya watu kama aliyekimbia sinema. Alivua viatu. Akakaa kwenye mkeka, akanyoosha mikono.

"Basi kama ni ya Wakorea, haina ubaya tukiitazama wote," alisema, akilazimisha kicheko. "Kule kwenye ng'ombe simu haifungui video, nimeambiwa kwa mdomo tu. Josephine, binti yangu, rudisha mwanzo. Mama Kadra, niletee mtoto."

Sabdio hakusogea. Kadra ndiye aliyesogea, akajitoa mikononi mwa mama yake, akaenda kukaa mapajani mwa baba yake kama anavyofanya siku zote.

Josephine alibonyeza. Wanawake wakaingia wote, wakajipanga ukutani.

Swichi ya umeme ilikuwa hapo karibu na bega la Darmi. Akiizima kabla Kadra hajaisikia ile sauti, atamwokoa mtoto. Na atakuwa amemwokoa Abdinur pia, aliyejificha nyuma ya mlango, aliyemshikia mwavuli mwaka mzima huku akimtazama mtoto wa mwanamke mwingine.

Mkono wake ulipanda mpaka kwenye swichi, ukabaki hapo.

Theluji ikaanguka kwenye kioo. Mwanamke wa suti nyeupe akashuka kwenye gari, na Sauti ya Mto, nzito, ya kukwaruza, ikawakaribisha watazamaji wa Garsen na vitongoji vyake.

Kadra aliinua kichwa kutoka kifuani mwa Dadacha. Akatabasamu, akanyoosha kidole, akafungua mdomo.